Kiti au Karata? Mjadala wa Barazani

Jumamosi moja hapa Tanga, baada ya swala ya Isha, Mjomba aliwatupa malkia wawili mbele ya mpwa wake ambaye hakuwa na hata jozi. Karata zilipofunuliwa, baraza zima lilipiga kelele. Mabishano yaliyofuata yalidumu mpaka kahawa ikapoa. Mimi nilikuwa nikigawa karata usiku ule, nikaona ni vyema niyaandike, maana yana swali ambalo kila mchezaji wa poka hukutana nalo: ukiwa na mkono dhaifu unaongoja karata ya kuuokoa, je, uendelee kwa sababu tu wewe ndiye wa mwisho kusema?

Kwa asiyeujua mchezo, kanuni za Texas Hold'em ni chache. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Mezani hufunuliwa karata tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na hizo ni za wote. Anayeunda mkono bora wa karata tano kati ya saba ndiye mshindi, isipokuwa wenzake wote wawe wametupa mapema. Kila hatua ina mzunguko wa dau, na katika aina isiyo na ukomo mtu anaweza kusukuma katikati kila alicho nacho, zamu yake yoyote ikifika. Kwetu, kifuniko cha soda huzunguka mezani: aliye nacho ndiye msemaji wa mwisho katika kila mzunguko tangu karata za mezani zinapoanza kufunuliwa, nasi husema ana kiti. Tunacheza kwa punje za mahindi, 200 kwa kila mtu. Senti haiingii mezani. Atakayemaliza na punje chache kuliko wote huosha vikombe na kufagia baraza.

Mkono wenyewe ulikwenda hivi. Mjomba alifungua kwa punje 6. Wote wakatupa isipokuwa Mpwa, aliyekuwa na kifuniko mbele yake na jeki na kumi za pau mkononi. Ukijumlisha madau mawili ya lazima, la 1 na la 2, chungu kilikuwa na punje 15. Zikafunuliwa mfalme wa kopa, tisa ya pau na nne ya uru. Mjomba akaweka 8, Mpwa akalipa. Karata ya nne ikawa sita ya pau. Mjomba akagonga meza, yaani akapita bila kuweka kitu. Mpwa akaweka 22 juu ya chungu cha 31. Mjomba akafikiri kwa muda mrefu, kisha akamtupa malkia wa kopa na malkia wa shupaza, wazi, kila mtu awaone.

MJOMBA: Mwanangu, umeshinda, lakini umecheza vibaya. Tuhesabu. Una jeki na kumi, mezani kuna mfalme na tisa. Ulimhitaji malkia aje kuziba pengo ili upate mfuatano. Malkia ni wanne. Ulikuwa umeona karata tano, zikabaki 47. Nne katika 47 haifiki hata asilimia 9: kwa kila mara moja utakayompata, utamkosa karibu mara 11. Nami nilikutoza punje 8 ili ugombee 23. Bei hiyo inakutaka ushinde zaidi ya robo ya safari zako zote. Mtu akikuuzia samaki wa elfu mbili kwa elfu sita, unanunua?

MPWA: Kama ni samaki peke yake, Mjomba, sinunui. Lakini kwa punje zile 8 sikumnunua malkia peke yake. Nilinunua na haki ya kukusikia ukisema kabla yangu, mara mbili zaidi. Kwenye karata ya nne ungenena wewe kwanza. Kwenye ya tano, wewe tena. Hiyo nayo ina bei, ila haiandikwi kwenye karata.

MJOMBA: Maneno mazuri. Lakini malkia wanne uliokuwa ukiwangoja, wawili walikuwa mkononi mwangu. Ulihesabu nne kumbe ni mbili.

MPWA: Kweli kabisa, na hapo ndipo unaponipa hoja. Karata zangu za kuokoa zilikuwa nusu ya nilivyodhani, na bado chungu kimekuja kwangu. Basi ni nini kilichoshinda? Si malkia. Ni ile ngumi yako iliyogonga meza. Ulipopita, uliniambia kwamba mfalme wa mezani anakutisha. Ningekuwa mimi wa kwanza kusema, nisingejua.

MJOMBA: Je, ningeshikilia ree na mfalme, nikapita kwa kukutega?

MPWA: Ungenilipa, au ungenipandishia. Ukipandisha, natupa. Ukilipa, bado nina pa kukimbilia. Sita ya pau ilinipa pau nne: mbili mkononi, mbili mezani. Kwa macho yangu zilikuwapo karata 12 za kuniokoa: pau 9, na malkia watatu wasio wa pau. Kumi na mbili katika 46 ni asilimia 26. Tazama inavyobadilisha hesabu. Kuweka 22 kugombea 31 ukiwa huna kitu kunakutaka umfanye mpinzani atupe zaidi ya mara 4 kati ya 10. Lakini ukiwa na robo ya njia mkononi, na kama akilipa hakuna dau jingine baada ya hapo, inatosha atupe chini ya mara moja kati ya 10. Yote yaliyozidi ni faida.

Hapa niliingilia, kwa sababu niliona wanazungumzia mikono miwili tofauti kana kwamba ni mmoja.

MWANDISHI: Mzee wangu anahukumu punje 8 za mwanzo, nawe unatetea punje 22 za baadaye. Pau zilikuja baada ya kulipa. Ulipolipa 8 ulikuwa na pengo tu. Tujibu hilo kwanza.

MJOMBA: Umesema vyema, jirani. Asijifiche nyuma ya sita ya pau. Pau mbili mfululizo huja kama mara 4 tu katika 100.

MPWA: Sijifichi. Sikuhitaji pau mbili mfululizo ili sita ile inifae. Kati ya karata 47, pau zilikuwa 10, na yoyote kati yake ingeugeuza mkono wangu dhaifu kuwa mkono wa kupigania. Nane nayo ingelifungua pengo pande zote mbili: saba au malkia, karata 8 badala ya 4. Mkono dhaifu haufanani na mwingine. Kuna ulio mkavu, wenye karata nne na basi. Na kuna ulio na mizizi, ambao karata ya nne inaweza kuunenepesha. Huo wa pili ndio ninaoulipia nikiwa na kiti.

MJOMBA: Na ukikosa mizizi?

MPWA: Ukipita, naangalia kama nikuzuge au nami nipite niione karata ya tano bure. Karata ya bure ni ya aliye na kiti tu. Ukiziona karata mbili zote, pengo huzibika zaidi kidogo ya mara 16 katika 100, si 9. Ila ya pili lazima isiwe na bei, na mwenye uwezo wa kuifanya isiwe na bei ni yule wa mwisho kusema.

MJOMBA: Sasa tuzungumze malipo ya baadaye, maana najua utayaleta. Ukosaji wa karibu mara 11 kwa punje 8 kila mara ni punje 86. Chungu kilikuwa na 23. Kwa hiyo ili hesabu isimame kwa malkia peke yake, ulihitaji kunitoa punje 63 zaidi kila anapofunuliwa, kwa wastani. Nilikuwa nimebakiwa na 186, basi akiba ya kulipa ilikuwapo. Lakini kuwa nayo si kulipa. Na mara chache utakazompata malkia nikatupa, faida yako imekufa.

MPWA: Ndiyo maana pengo ni bora kuliko watu wanavyolisema. Zikifunuliwa kopa tatu mezani, kila mtu anaona hatari. Lakini mfalme, malkia, tisa na nne za aina mbalimbali, nani ananiona mimi na jeki na kumi? Mfikirie malkia wa uru angekuja. Wewe ungekuwa na malkia watatu. Ungenilipa punje zako zote, Mjomba, sema kweli.

MJOMBA: Ningekulipa, sikatai. Na karata 10 kati ya 44 zilizobaki zingenipa watatu na jozi juu yake, au malkia wanne, nikuzike wewe na mfuatano wako.

MPWA: Zilizobaki 34 zingekuzika wewe.

Baraza likacheka. Mjomba akamimina kahawa, akaanza habari ya ubaharia. Alijifunza poka melini, na siku moja meli yao ilitia nanga Corpus Christi, katika ghuba ya Meksiko. Si mbali na pale upo mji mdogo wa Robstown, ambao bunge la jimbo la Texas liliutambua rasmi mwaka 2007 kuwa ndiko ulikozaliwa mchezo huu. Kutoka Texas ulihamia Las Vegas miaka ya 1960, na mwaka 1970 yakaanza mashindano ya dunia katika kasino ya Binion's Horseshoe.

MJOMBA: Kwa wazee wa huko kulikuwa na usia mmoja wa kale: usilipe kwa ajili ya kuziba pengo la katikati. Nimeuona ukiwaokoa watu, na nimewaona walioudharau wakiteremka melini bila mshahara. Punje 8 si kitu. Lakini lipa hizo 8 mara 20 kwa usiku mmoja. Umetoa 160, na malkia wako amekuja mara mbili, pengine mara moja. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

MPWA: Usia ule ulizaliwa katika poka ya zamani, Mjomba, ile ya karata tano mkononi. Unabadilisha karata mara moja, hakuna cha kuonekana mezani, hakuna mizunguko mitatu ya kumsoma mwenzako. Watu wa Texas wenyewe waliuvuka. Doyle Brunson, bingwa wa dunia wa 1976 na 1977, alifundisha katika kitabu chake cha Super/System kwamba mkono wa kungoja ni silaha ya kushambulia: unaweka dau wewe, mwenzako anabeba mzigo wa kuamua. David Sklansky naye ndiye aliyeifanya hoja hiyo kuwa nadharia yenye jina. Mimi naiita nusu zuga: unazuga, lakini ukilipwa bado unayo njia.

MJOMBA: Brunson hakuwalipia watu madau yao kinyonge. Alishambulia. Wewe kwenye karata tatu za kwanza ulilipa tu. Kulipa hakumfanyi mtu atupe.

MPWA: Nililipa ili nishambulie baadaye, nikiwa na habari zaidi. Anayeshambulia mapema anatumia nguvu. Anayengoja zamu moja akiwa na kiti anatumia nguvu na macho. Mkumbuke Chris Moneymaker kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2003, yule mhasibu wa Tennessee aliyewashinda wachezaji wenzake 838 akatwaa dola milioni 2.5. Walipobaki wawili, yeye na Sammy Farha, alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Kwenye karata ya nne Farha aliweka 300,000, Moneymaker akapandisha mpaka 800,000, Farha akalipa. Ya tano haikumsaidia kitu. Farha akapita. Moneymaker akasukuma vyote. Farha alikuwa na jozi ya tisa, akatupa. Aliyeshinda alikuwa na mfalme mtupu. Nani alisema wa mwisho? Moneymaker.

MJOMBA: Umeleta mfano unaokupinga. Mezani palikuwa na tisa, sita na nane, na shupaza tatu. Pamoja na saba yake, shupaza yoyote, tano yoyote au kumi yoyote ingemtimizia. Ni karata 15 katika 46, karibu theluthi. Huo si mkono dhaifu! Wewe unachukua sifa za mkono wa karata 15 unaziazima kwa mkono wa karata nne.

Mpwa alinyamaza. Huo ulikuwa ukweli, naye hakuukwepa.

MPWA: Nakubali. Kupandisha kule kulibebwa na karata 15. Lakini hatua ya mwisho ilibebwa na nini? Karata zote 15 zilikuwa zimekwisha kumkosa.

MJOMBA: Ilibebwa na kiti, pamoja na mtu wa upande wa pili anayejua kutupa. Hilo la pili hulisemi. Nami nimetupa malkia wangu kwa sababu nafikiri. Yule jirani yetu asiyetupa jozi hata umwekee mlima wa punje, ungemfanyaje?

MPWA: Kwake ningetupa jeki na kumi pale pale kwenye karata tatu za kwanza, kama dau lake ni kubwa. Au kama tuna punje nyingi na dau ni dogo, ningelipa kwa ajili ya malkia tu, kwa kuwa akija nitalipwa mpaka punje ya mwisho. Lakini kumzuga, kamwe. Asiyetupa hazugwi.

MWANDISHI: Na tungewabadilishia viti, wewe uwe wa kwanza kusema na Mjomba awe wa mwisho, karata zikiwa zile zile?

MPWA: Ningetupa bila kufikiri mara mbili.

MJOMBA: Eleza kwa nini, jirani aandike.

MPWA: Kwa sababu malkia akija nikiwa mbele, sina njia nzuri ya kulipwa. Nikiweka dau, unashtuka unatupa. Nikipita ili nikutege, nawe unapita, chungu kinabaki kidogo. Na asipokuja, nikipita unaweka dau na kuniuzia karata ya tano kwa bei yako. Nikizuga, nazuga gizani, sijui kama mfalme unamwogopa au unaye. Karata ni zile zile, lakini nyuma ni biashara, mbele ni hasara.

MJOMBA: Hapo tumekutana. Nami nikuongezee kosa moja ambalo vijana hulifanya hata wakiwa nyuma. Wanangoja karata ambayo ikija inawaua. Mezani kuna tisa, nane na mbili. Wewe una sita na tano, unaomba saba. Saba inakuja, unashangilia mfuatano wa tano hadi tisa, kumbe mwenzako ana jeki na kumi, wake unaanzia saba na kuishia jeki. Umeshika mkia. Ndivyo ilivyo pia kwa anayengoja kopa ilhali zake ni tatu na nne. Kukosa kunakugharimu punje 8, kupata kunakugharimu 186. Mkono wako leo ulikuwa na heshima moja: malkia akija, hakuna mfuatano ulio juu ya wako.

MPWA: Na idadi ya watu, Mjomba. Tungekuwa wanne kwenye mkono ule, nisingezuga. Mmoja kati ya watatu angekuwa na kitu.

MJOMBA: Na kina cha punje. Ningekuwa na punje 20 tu zilizobaki, malkia wako angekuletea nini? Pengo linataka bahari yenye kina, penye maji machache unakwama.

MPWA: Basi bado unasema nimecheza vibaya?

Mjomba alimtazama mpwa wake, kisha akakitazama kifuniko cha soda kilichokuwa bado mbele yake.

MJOMBA: Nasema hivi. Kama ulilipa punje 8 kwa sababu ulimtaka malkia, umecheza vibaya na bahati imekusitiri. Kama ulilipa kwa sababu ulikuwa wa mwisho, mbele ya mtu mmoja anayejua kutupa, sote wawili tuna punje nyingi, karata yako ikija ni bora kuliko zote, na ulishajua utafanya nini nikigonga meza, basi umecheza vizuri, na mimi ndiye niliyekuambia siri yangu kwa ngumi yangu mwenyewe. Lakini mimi siwezi kuliona hilo moyoni mwako. Unalijua wewe.

MPWA: Mara nyingine nililipa kwa ajili ya malkia tu, Mjomba. Leo sikulipa kwa hilo.

Niliyaandika hayo, na hii ndiyo hukumu yangu kati yao. Mjomba ana haki juu ya hesabu: karata nne katika 47 hazilipi gharama yake, na anayejidanganya kwamba zinalipa atafagia baraza kila Jumamosi. Mpwa ana haki juu ya kiti: mkono dhaifu hauthaminiwi kwa karata zake za kuokoa peke yake, huthaminiwa pia kwa kile ambacho mpinzani atalazimika kukisema kabla yako. Kiti hakiugeuzi mkono mbovu kuwa mzuri. Kinaupa njia ya pili ya kushinda. Mwenye njia mbili, malkia aje au mwenzake atupe, anaweza kuendelea. Mwenye njia moja iliyo nyembamba, na atupe kwa amani.

Kwa hiyo wewe unayejifunza mchezo huu, kabla ya kulipa kwa ajili ya pengo jiulize: Je, mimi ndiye wa mwisho kusema? Je, tumebaki wawili tu, na huyu mwenzangu anajua kutupa? Je, karata yangu ikija, nitakuwa juu au nitashika mkia? Je, amebakiwa na vya kutosha kunilipa? Na akipita, ninajua nitafanya nini? Jibu moja likiwa hapana, sita yako na tano yako, au jeki yako na kumi yako, zirudishe kwa mgawaji. Na ikiwa kilicho mbele yako si punje za mahindi bali ni kodi ya nyumba au ada ya mtoto, usifike hata kwenye swali la kwanza. Inuka, kiache kiti.

Usiku ule aliyeosha vikombe alikuwa yule jirani asiyetupa jozi.